Taa ya Kijani ya Uongo

Kijana mmoja wa Chanika ameniandikia barua ndefu yenye adabu. Kaanza kwa shikamoo, nami namwitikia marahaba. Kisha kaeleza kazi yake, na mwisho kauliza swali ambalo nimeona nisimjibu pembeni, kwa sababu linawagusa wengi wanaokula kwa ufundi wao.

Anafanya kazi kwenye fremu ndogo kando ya barabara ya kwenda Mvuti. Bosi wake anatengeneza vifaa vya kufuatilia ubaridi wa friji, na wateja wao wakubwa ni famasi. Kifaa chenyewe ni kompyuta ndogo inayotumia Linux, betri yake, taa mbili, ya kijani na nyekundu, na kihisi joto aina ya DS18B20 kilichofunikwa kwa chuma chembamba mwishoni mwa waya. Draiva ya kihisi hicho ameiandika kijana mwenyewe. Ili betri isiishe haraka, draiva inakilaza kihisi, inakiamsha kila baada ya dakika chache, inapima, inakilaza tena.

Tatizo likaja. Umeme ukikatika na betri ikiwa imechoka, mara mojamoja kihisi hakiamki vizuri. Badala ya kusema nyuzi 4 kinasema 85. Taa nyekundu inawaka usiku wa manane, mwenye famasi anapiga simu, bosi anaamka amenuna. Baada ya simu kuzidi, bosi akatoa amri: mteja ametoa hela yake ili aone taa ya kijani, basi mpe taa ya kijani. Kijana akaongeza mistari michache: kihisi kikileta 85 au kosa lolote, draiva itoe kile kipimo cha mwisho kilichokuwa kizuri, na iripoti kwamba kazi imekwenda sawa. Simu zikakoma. Bosi kafurahi, wateja wametulia, mshahara unaingia. Sasa kijana anauliza: mbona roho yangu haitulii?

Haitulii, mwanangu, kwa sababu bado ni nzima. Ulichofanya kina jina fupi, nacho ni ushahidi wa uongo. Nitakwambia bila kuzunguka ili tupate nafasi ya kuzungumzia namna ya kutoka.

Kwanza niwatoe wasiwasi wasomaji wasiojua mambo haya. Draiva ni programu ndogo inayosimama kati ya kompyuta na kifaa. Kompyuta haijui kuzungumza na kihisi moja kwa moja. Inaiagiza draiva, na draiva inarudi na jibu. Katika Linux desturi ni kwamba draiva ikirudisha sifuri maana yake mambo ni sawa, na ikirudisha namba hasi maana yake kuna kosa, kila kosa na namba yake. Programu iliyo juu hainyanyuki kwenda kuhakikisha. Inaamini. Ni kama konda wa daladala ya Chanika na Gongo la Mboto: akigonga bodi, dereva anaondoa gari, hageuki kutazama. Sasa konda akigonga bodi huku mama mjamzito ana mguu mmoja chini na mkono mmoja kwenye mlango, tutamlaumu dereva? Sifuri yako ndiyo kugonga huko kwa bodi. Umegonga, gari limeondoka, na hujui nani amebaki amening'inia.

Nani anaweza kuwa amebaki? Insulini hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Chanjo nyingi vilevile. Oksitosini, dawa wanayochomwa akina mama wakishajifungua ili damu isiwatoke kupita kiasi, nayo hutakiwa baridi. Dawa hizi zikipata joto kupita kiasi hazivimbi wala hazinuki kama maziwa yaliyochacha. Mara nyingi kichupa kinabaki vilevile kwa macho, nguvu ndiyo imetoka. Na zikiganda nako ni hasara, maana insulini iliyoganda haitumiki tena hata ikiyeyuka. Kwa hiyo mfamasia hana namna ya kujua kwa kutazama. Ndiyo maana alinunua kifaa chenu. Umeme ukatike saa nne usiku friji ikiwa na nyuzi 4, kihisi kigome, na draiva yako iendelee kusema nyuzi 4 mpaka alfajiri. Asubuhi anakuja mzee mwenye kisukari, anauziwa kichupa ambacho hakuna ajuaye kimepata joto kiasi gani, anakwenda kujidunga kwa imani. Hapo hakuna hata mmoja aliyemtazama usoni akamdanganya. Uongo ulishasemwa usiku, na programu.

Sasa tuiangalie ile 85, kwa sababu ndani yake kuna funzo kubwa. Kihisi cha DS18B20 hakikuokota namba hiyo hewani. Waliokiunda walikipanga hivi: kikipata umeme, kwenye kumbukumbu yake huwa kumeandikwa nyuzi 85, na namba hiyo hubaki pale mpaka kipimo cha kwanza kikamilike. Kipimo chenye usahihi wa juu kabisa huchukua hadi milisekunde 750, yaani robo tatu ya sekunde. Wakati wa kupima kihisi huhitaji umeme mwingi zaidi kuliko kikiwa kimetulia. Umeme ukiyumba katikati, kinaanza upya, na ukikisoma hapo unakuta 85. Kwa maneno mengine, kihisi kilikuwa kinasema: ndiyo kwanza nimeamka, sijapima chochote. Kipande cha chuma kisicho na akili kilikiri udhaifu wake. Mwenye akili na elimu ndiye aliyekifunga mdomo.

Hata hivyo nimtendee haki bosi wako, kwa sababu ana nusu ya hoja. Taa nyekundu inayowaka ovyo nayo ni hatari nyingine. Mwenye famasi akiamshwa usiku mara tatu kwa jambo lisilokuwepo, mara ya nne atazima simu, na hiyo ya nne ndiyo friji itakuwa imekufa kweli. Kelele ya bure huziba masikio. Kwa hiyo kupunguza kelele ni kazi halali kabisa. Kosa ni kuipunguza kwa kuua habari pamoja na kelele. Kipimo kimoja cha 85 si sababu ya kumwamsha mtu. Ni sababu ya kupima tena. Vikija vitatu mfululizo, bado huruhusiwi kusema friji ni moto, wala huruhusiwi kusema ni baridi. Jibu lililobaki ni moja: sijui. Wazee wetu wa mwambao wanasema kwamba kusema sijui ni nusu ya elimu. Kifaa chenu kina taa mbili tu, ndiyo maana mmejikuta mkichagua kati ya uongo wa kijani na uongo wa nyekundu. Wekeni taa ya tatu, ya njano, au ifanyeni nyekundu imwekemweke taratibu, na mwenye famasi aelezwe maana yake: kifaa hakioni kwa sasa, nenda kaangalie kwa macho yako. Anayejua kwamba hajui ataamka, atafungua friji, atatazama kipimajoto cha ndani. Uliyemwambia sawa atalala.

Baada ya hilo, nikupe nasaha za kazi yenyewe, namna ya kushindwa bila kumuumiza mtu. Kila draiva inayolaza na kuamsha vifaa itashindwa siku moja. Betri huchoka, waya hulegea, umeme wetu tunaujua. Usiku wa kuamkia Aprili 1, 2024 gridi ya taifa ilipata hitilafu na nchi ikawa gizani; hakuna programu iliyoandikwa Chanika ingezuia hilo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mtu hupimwa kwa anavyotenda baada ya koleo kuvunjika.

La kwanza ni kusema mapema na kusema kwa usahihi. Kifaa kikikataa kuamka, rudisha namba ya kosa ile ile uliyopewa, usiibadilishe iwe tamu. Na makosa hayafanani. Katika Linux, kifaa kinapoombwa kulala wakati mfumo mzima uko macho, draiva ikijibu kwamba kifaa kina shughuli kwa sasa, au kwamba ijaribiwe tena baadaye, mfumo unakiacha macho na kurudi kukiomba wakati mwingine. Ikijibu kosa jingine lolote, mfumo unahesabu kwamba hali ya kifaa haieleweki na unaacha kukilaza wala kukiamsha mpaka draiva iseme waziwazi kifaa kiko katika hali gani. Ona hekima yake: aliye na shughuli husubiriwa, aliyeumia hasukumwi. Sasa mwandishi mvivu akisema kifaa kina shughuli ilhali kimekufa, mfumo utaendelea kukigongea mlango bila mwisho, na kila kugonga kunakula betri. Akisema kimekufa ilhali kina shughuli ya sekunde mbili, kizima kitatupwa nje. Ukweli nusunusu katika kazi hii unaumiza karibu sawa na uongo mzima.

La pili, rudisha ulichoshika. Hapa ndipo wengi wazuri wanapokwama, tena si Chanika tu. Linux huweka hesabu kwa kila kifaa: draiva ikikihitaji, hesabu inapanda moja, ikimaliza, inashuka moja, ikifika sifuri kifaa kinaruhusiwa kulala. Kulikuwa na amri, na ipo mpaka leo, iitwayo pm_runtime_get_sync, ambayo hupandisha hesabu na kukiamsha kifaa. Tatizo lake ni kwamba hupandisha hesabu hata pale kuamsha kunaposhindikana. Waandishi wengi wa draiva, watu wazoefu, walidhani kwamba jambo likishindikana hakuna kilichoongezwa, wakawa wanatoka bila kushusha. Hesabu inabaki juu. Kifaa hakilali tena, kinanyonya betri kimyakimya, na mwenye simu au mwenye mashine anadhani betri ndiyo feki. Mwaka 2020 yalitumwa marekebisho mengi ya kosa hili katika draiva za kila aina, na hatimaye ikaongezwa amri mpya, pm_runtime_resume_and_get, katika toleo la 5.10 lililotoka Desemba mwaka huo. Hii ikishindwa, hurudisha hesabu yenyewe kabla ya kuondoka.

Liangalie jambo hilo kwa jicho la maadili. Hao wote hawakuwa wezi. Walisahau tu kwamba mtu anaweza kushindwa kazi na bado akawa ameshika mali ya watu. Unapoamsha kifaa unawasha swichi ya umeme, kisha saa yake, kisha njia ya mawasiliano. Swichi ikiwaka, saa ikiwaka, njia ikagoma, huwezi kusema nimeshindwa ukaondoka. Zima saa, kisha zima swichi, kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua: ulichokishika mwisho kiachie kwanza. Ndivyo ilivyo hata nje ya kompyuta. Fundi aliyechukua nusu ya malipo akashindwa kazi, haitoshi aombe radhi kwa uso mnyenyekevu. Hela ya watu irudi, na vipuri alivyofungua avirudishe mahali pake.

La tatu, acha umeme utulie kabla ya kuamini kitu. Nenda kwenye famasi yoyote au duka la vinywaji pale Chanika, tazama nyuma ya friji, utaona kiboksi wanachokiita friji gadi. Umeme ukirudi, kiboksi hicho hakiupitishi papo hapo. Kinasubiri dakika kadhaa, kikiangalia kama volti haipandi wala kushuka kupita kiasi, ndipo kinairuhusu friji iwake. Sababu ni mbili. Umeme unaporudi mara nyingi huja na mshtuko, au unarudi na kukatika tena. Na kompresa iliyozimika ghafla huwa bado na mgandamizo wa gesi upande mmoja. Ukiilazimisha kuwaka hapo inanguruma, inapata moto, inaungua. Kiboksi hicho hakina elimu ya chuo. Kina subira tu, na subira hiyo imeokoa friji nyingi.

Draiva yako nayo iwe na subira hiyo. Kihisi kikipata umeme, kipe muda wake, kisha agiza kipimo, ngoja kile kipindi cha milisekunde 750, ndipo usome. Ukikuta 85, usikasirike: zima umeme wake, subiri kidogo, washa, pima tena. Lakini subira iwe na mwisho. Mara tatu zinatosha. Draiva inayojaribu milele bila kusema chochote inamdanganya mwenye nayo kwa njia nyingine: inamfanya adhani kuna kazi inaendelea, kumbe kuna ukaidi tu, na betri ndiyo inayolipa. Na kifaa kilicholazwa usikiguse kabla hakijaamka. Kuna vifaa ambavyo ukivisoma vikiwa havina umeme vinakurudishia tarakimu zilizojaa pomoni, kila biti ni moja, na mwandishi asiyekuwa makini anazichukua kuwa kipimo. Kuna vingine vinaigandisha mashine nzima. Uliza kwanza kama kimeamka, na jibu likiwa hapana, liheshimu.

La nne, jua kosa lipi lina haki ya kusimamisha kazi ya wote na lipi halina. Linux inapoilaza mashine nzima, hulaza kifaa kabla ya njia inayokibeba, na inapoiamsha huanza na njia, kisha kifaa. Wakati wa kulala, draiva moja ikisema siwezi, zoezi zima husitishwa na waliokwishalala huamshwa. Hiyo ni nguvu kubwa kupewa programu ndogo. Ikatae kwa sababu nzito tu, kwa mfano kipimo hakijahifadhiwa na kitapotea. Wakati wa kuamka mambo ni kinyume: kifaa kimoja kikishindwa kuamka, mfumo huandika kosa lake na kuendelea kuwaamsha wengine, kwa sababu hakuna faida kuiacha mashine yote imelala kwa ajili ya mmoja. Draiva njema hapo hukubali kuwekwa pembeni, ikasema kifaa changu hakipo, msinitegemee, na wengine wakafanya kazi.

Majirani zetu wa Kenya walionja uchungu wa jambo hili kwa kiwango cha nchi. Juni 7, 2016 tumbili alipanda kwenye kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, nayo ikajizima. Transfoma kujizima si kosa. Imeundwa kujizima ikiguswa vibaya. Lakini mzigo wake uliwaangukia wenzake, mitambo mingine ikazidiwa na kujizima mmoja baada ya mwingine, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi nzima ikawa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alipona, akakabidhiwa kwa watu wa wanyamapori. Kampuni ya umeme ya KenGen ilieleza hadharani kilichotokea, ingawa ilijua watu watacheka. Watu walicheka kweli, dunia nzima, lakini walijua ukweli.

Miaka saba baadaye, Agosti 25, 2023, umeme ulikatika tena sehemu kubwa ya Kenya, na safari hii uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukabaki gizani kwa sababu jenereta la baadhi ya majengo lilikataa kuwaka. Ndege za kimataifa, abiria wenye tiketi, na giza. Waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi bila kutafuta kisingizio, na mkuu wa mamlaka ya viwanja akaondolewa kazini. Kutoka hapo chukua hili: jenereta la akiba ambalo halijajaribiwa ni sawa na sehemu ya programu inayoshughulikia makosa ambayo haijawahi kuendeshwa. Mistari ile unayoiandika kwa ajili ya siku mbaya ndiyo mistari isiyopimwa na mtu, kwa sababu siku nzuri haiipiti. Basi iletee siku mbaya wewe mwenyewe ukiwa mezani. Chomoa waya wa kihisi katikati ya kipimo. Weka betri iliyochoka makusudi. Zima na kuwasha umeme mara nyingi kwa haraka. Tazama draiva inasema nini, taa inawaka ipi, na hesabu inarudi sifuri au inabaki juu. Afadhali kifaa kikuaibishe kwenye fremu kuliko kumwumiza mtu kwenye famasi.

La tano ni fupi. Andika kumbukumbu. Kila kihisi kinapogoma, draiva iandike saa, hali ya betri, na kosa lenyewe; mara moja, si mistari elfu ya maneno yale yale. Kwenye kliniki za chanjo wahudumu huandika joto la friji asubuhi na jioni, siku zote, hata siku ambayo halijabadilika. Hawafanyi hivyo kwa kupenda kuandika. Siku likizuka swali, daftari ndilo linalojibu.

Sasa tuje kwenye sehemu ngumu, maana mistari ya programu utairekebisha kwa jioni moja. Utamwambiaje bosi?

Mwendee asubuhi, kabla simu hazijaanza, mkiwa wawili. Usimwendee na hukumu, mwendee na dawa. Mwambie: bosi, ile njia tuliyoweka imezima simu lakini imezima na kifaa. Nimetengeneza nyingine ambayo haitapiga kelele kwa kosa la mara moja, na haitadanganya kihisi kikifa. Nimeijaribu kwa kuchomoa waya, naomba nikuonyeshe. Kisha mwonyeshe. Watu wengi wanaong'ang'ania uongo hufanya hivyo kwa kuwa hawajaonyeshwa ukweli unaofanya kazi. Yeye anaogopa simu na anaogopa kupoteza wateja. Mpe njia isiyomnyima hivyo viwili, na uwezekano mkubwa ataichukua.

Halafu kuna vile vifaa vilivyokwisha kufungwa. Usijifariji kwamba vipya vitakuwa salama. Vya zamani vimo kwenye famasi za watu usiku huu, na kila kimoja kinaendelea kutoa ushahidi uliokifundisha. Vifuatwe kimoja kimoja, virekebishwe, na wenye navyo waambiwe sababu. Mtasikia aibu, na pengine mtarudisha hela kidogo. Tuna mfano mzuri hapa nyumbani wa namna ya kuwaambia watu jambo lenye usumbufu. Mita za umeme za LUKU na nyingine za aina hiyo duniani zilihesabu muda wa tokeni kwa dakika, kuanzia Januari 1, 1993, na nafasi ya kuhifadhi hesabu hiyo ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Baada ya hapo mita isiyorekebishwa isingepokea tokeni mpya. TANESCO ilitangaza mapema, na mteja akinunua umeme alipata makundi matatu ya tarakimu 20, ayaingize kwa mpangilio. Watu walilalamika, wazee waliwaita wajukuu wawasaidie kubonyeza. Lakini walijua kinachokuja na walijua la kufanya. Kero iliyotangazwa watu huivumilia. Inayofichwa huja kuwaangukia wakiwa hawajajiandaa. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Je, bosi akikataa? Mweleze mara ya pili kwa maandishi, kwa lugha ya heshima, ubaki na nakala. Usiiweke tena kwa mkono wako ile mistari, hata akikuamrisha, kwa kuwa amri ya mkubwa haiondoi mzigo shingoni mwa mtendaji. Wahandisi waliosajiliwa hula kiapo mbele ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Wewe wa fremu hujaapa mbele ya mtu, lakini anayejidunga insulini haulizi nani aliapa na nani hakuapa. Na wale uliowafungia vifaa wewe mwenyewe, waambie jambo dogo lisilovunja siri ya mtu: wasitegemee kifaa peke yake, waweke kipimajoto cha kawaida ndani ya friji na waandike kinachosema asubuhi na jioni. Ikifika mahali pa kuchagua kati ya kazi hiyo na ukweli huo, ondoka. Najua unasema kazi hazipatikani, na ni kweli. Lakini fundi anayeandika draiva inayosema ukweli wakati wa shida ni adimu, na siku hizi kila kitu kuanzia mita ya maji hadi bajaji ya umeme kinahitaji programu ya kukilaza na kukiamsha.

Neno la mwisho ni kwa mabosi wanaosoma hapa. Kijana wako akikuletea habari mbaya, utakavyomjibu siku hiyo ndivyo atakavyoandika programu mwaka mzima. Ukimfokea kwa taa nyekundu, atakutengenezea ya kijani. Mfanye aone kwamba kwako kosa lililosemwa ni kazi ya kurekebishwa, na kosa lililofichwa ndilo la kumfukuzisha mtu. Anza leo kwa kumwuliza swali moja: umeme ukikatika usiku, kifaa chetu kinajua kusema sijui?